Chupa Ambayo Sikuiosha

Wifi yangu ni mtu mwema, na siku ile alikuwa na nia njema kabisa. Tulikuwa tumemaliza matanga ya mama. Wageni walikuwa wamerudi makwao, viti vya kukodi vimechukuliwa, na wanawake waliobaki walikuwa uani wakisugua masufuria. Mimi nilikuwa ndani nakunja vikwembe vya marehemu. Nikasikia harufu ya sabuni ya unga, na chini yake, kwa mbali, harufu ya moshi wa majani makavu. Moshi ule siwezi kuukosea. Nilitupa kikwembe nikatoka pekupeku, nikamkuta wifi amechutama mbele ya beseni, mkono mmoja umeshika kibuyu cha maziwa cha mama na mwingine umejaa povu.

"Bokilo, usitie sabuni mule," nilimwambia, kwa jina tunaloitana sisi mawifi.

"Hii kitu iko naoza, bokilo. Sikia harufu yake."

"Ilianza kuoza mbele ya weye kuzaliwa. Nipe."

Alinipa. Yeye ni mtu wa Kisangani, kwao maziwa ni ya kopo, hakuwa na kosa. Aliniangalia tu kama mtu anayeona msiba umempanda mwenzake kichwani. Nilichungulia ndani. Povu lilikuwa halijaingia, na chini kabisa yalikuwapo bado maziwa yaliyoganda, mazito, ya kujaza kiganja. Waswahili husema la kuvunda halina ubani. Hawakumjua mama yangu. Nikakaa kwenye ngazi ya mlango nimekumbatia kibuyu, mtu mzima mimi, mwenye kazi na watoto, nikaanza kucheka huku machozi yananitoka, kwa sababu ilikuwa mara ya pili katika maisha yangu kupigania kitu kisioshwe. Mara ya kwanza kilikuwa chupa ndogo ya kioo, na aliyesimama mbele yangu alikuwa bwana mmoja mwenye koti na tai, aliyeletwa na ndege kutoka Kinshasa. Ugomvi wetu ulihusu mayai na anga za juu.

Lakini kibuyu kwanza. Tulipokimbia kijijini kwetu, kule milimani juu ya ziwa, nilikuwa mtoto wa kuanza shule. Watu walibeba magodoro, mbuzi, cherehani. Jirani yetu mmoja alibeba mlango. Mama alibeba kibuyu. Alikifunga mgongoni kwa kikwembe, mahali pa kufungia mtoto, na mimi nikatembea. Ng'ombe walibaki na hatukuwaona tena. Njia nzima nilikuwa nyuma yake nakitazama kile kibuyu kinavyobembelezwa, nikakichukia jinsi mtoto anavyomchukia mdogo wake aliyezaliwa jana. Ndani yake mlikuwa na maziwa ya kuganda ambayo bibi yangu aliyapata kwa mama yake, na huyo kwa mama yake. Kila asubuhi unamimina maziwa mabichi juu ya yale ya zamani, unatikisa kidogo, unaziba. Kesho yake unakunywa, lakini humalizi. Hutii maji wala sabuni. Unakifukiza moshi wa majani ili kinukie, basi. Ukiosha umeua, na ukishaua hakuna duka la kununua mengine.

Hapa Bunia, mji tuliokimbilia, mama alinunua maziwa kwa watu waliokuja na bido, yale madumu ya plastiki, juu ya baiskeli, akayagandisha ndani ya kibuyu chake, akauza kikombe kwa kikombe sokoni. Ndivyo nilivyosoma. Kibuyu nilichokionea wivu njiani ndicho kilichonivalisha sketi ya bluu na shati jeupe, nami niliendelea kukinunia tu.

Wenzangu mliosoma Bunia miaka ile mnakumbuka helikopta. Zilipotoka kule kwenye kambi ya walinda amani zilipita chini mno, mpaka mabati yalilia na mwalimu akanyamaza katikati ya neno, chaki imeinuliwa juu, akingoja. Sisi watoto tuliotoka vijijini tulikuwa tunajua kuzisikia kabla hazijafika. Katika shule yetu ya wasichana kulikuwa na chumba walichokiita labo, chenye kabati moja la vioo, na helikopta ikipita vioo vyote mle ndani viligongana. Prof Anselme, mwalimu wetu wa kemia, alikuwa anakimbilia kabati na kulikumbatia. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye aibu, na darasani tulimcheka kwa hilo, ingawa hakuna aliyethubutu kumcheka usoni.

Ni yeye aliyetuletea habari ya kristali. Kulikuwa na wataalamu ng'ambo waliokuwa wanaalika shule za sekondari za nchi mbalimbali, na kwa ubishi wake, kwa kuandika na kuandika tena, Prof akafanya Bunia ikubaliwe. Siku moja likaja sanduku. Mlikuwa na mikroskopu, vichupa vyembamba, dawa za matone, unga kidogo mweupe, na kitabu. Alituchagua wasichana wachache tubaki baada ya masomo. Wengine walikuwa wakubwa, wa mwaka wa mwisho. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne na sijui kwa nini alinichagua. Rafiki yangu Riziki alisema ni kwa sababu nauliza maswali mpaka mtu anakubali ili ninyamaze.

Prof alitueleza kwamba ndani ya yai mna protini, kama ilivyo ndani ya damu na ndani ya mwili mzima. Ni ndogo mno, hakuna jicho linaloliona umbo lake. Lakini ukiweza kuzifanya hizo protini zijipange mistari, kila moja mahali pake, zinakuwa kristali, kipande kigumu chenye pembe kama chumvi ya mawe. Hapo wataalamu wanaweza kukipiga mwanga wao, wakajua umbo, na kutokana na umbo wanatafuta dawa za magonjwa. Shida ni kwamba hapa duniani kristali hazikui vizuri. Zinazama, zinasukumana, maji yenyewe yanazunguka na kuzibughudhi. Kwa hiyo wanazipeleka katika nyumba iliyoko anga za juu, ile inayoizunguka dunia, zikakulie huko. Shule itakayoweza kutoa kristali kwa mayai ya kwao, maji ya mayai hayo yatatiwa kichupani na kupandishwa.

"Kule juu hakuna uzito," alisema Prof, na sauti yake ikawa laini kama ya mtu anayesali. "Hakuna kitu inazama. Hakuna kitu inasukuma ingine. Kila moja inakaa fasi yake, inakomaa polepole."

Nikainua mkono. "Prof, na helikopta?"

"Hazifikake kule."

"Na masasi?"

Wenzangu wakacheka kusikia nauliza habari ya risasi. Prof hakucheka. "Masasi iko huku chini, mutoto wangu. Kule iko kimya."

Sasa nataka mnielewe jinsi nilivyoelewa. Bunia yetu ilijaa mashirika, na mimi nilikuwa nimekua katikati ya mahema na foleni zao, nilijua utaratibu wao kama ninavyojua Baba Yetu. Kwanza wanakuja kutazama. Kisha wanajaribu na kitu kidogo. Kisha wanaandikisha watu, na siku moja malori yanafika. Mtu anaponiambia kuna mahali hakuna masasi, hakuna kusukumana, kila mmoja anakaa mahali pake, na kwamba wataanza kwa kupeleka yai, mimi nilione vipi? Niliona mara moja kwamba yai ni jaribio. Yai likivumilia watakuja kutuchukua sisi.

Sikumwambia mtu, hata Riziki. Habari kama hiyo ikitangazwa foleni inakuwa ndefu. Nilianza tu kumpangia mama mahali pa kukaa na pa kutundika kibuyu. Nilimuuliza Prof kama maziwa yanaweza kuganda kule juu, akasema hilo ni swali zuri sana, akafurahi siku nzima.

Lakini yai lilikataa. Prof alianza kwa kutuonyesha mfano kwa ule unga wa sandukuni, na chupa yake ikatoa kristali chache. Tulizitazama kwa zamu kwenye mikroskopu. Zilikuwa na pembe, zimetulia, zinang'aa, nami nikaona kweli hao ni watu waliofika salama. Baada ya hapo tukaanza na mayai yetu. Tulijaribu mayai yanayotoka Uganda kwenye trei, tukajaribu ya kuku wa kienyeji. Tulichuja ute mweupe kwa kitambaa, tukatia chumvi na yale matone, tukaweka chupa ndani ya mtungi wa udongo wenye mchanga mbichi kwa sababu friji ya shule ilikuwa kabati tu, haina umeme. Tulingoja. Tulipata uvundo, na hakuna kingine. Kila mara tulimwaga, tukaosha chupa kwa sabuni na maji ya moto, tukaanza tena. Prof alikuwa ameandika ukutani kwa herufi kubwa: OSHA. Usafi, alisema, njo mwanzo wa sayansi.

Mkaguzi kutoka Kinshasa, wa kuamua kama chupa yetu itapanda, alikuwa karibu kuja na hatukuwa na kitu cha kumwonyesha. Riziki alianza kusema tuwaachie watu wa miji mikubwa hayo mambo. Siku hiyo helikopta ilipita, Prof akachelewa kufika kabatini, chupa mbili zikavunjika. Ikabaki kuitumia ile chupa ya mfano, yenye kristali za sandukuni. Kuosha ilikuwa kazi yangu kwa kuwa mimi ndiye mdogo. Nilitoka nayo hadi bombani, nikamwaga maji, nikaona chini kristali zimebaki, zimeshika kioo, nyembamba kama ukoko wa uji.

Sabuni nilikuwa nayo mkononi. Bomba lilikuwa na maji. Sikuwa mvivu, na naomba hilo lieleweke. Nilitazama vile vilivyobaki, nikasikia mikono yangu inakataa. Nyumbani kwetu kitu kinachogandisha hakioshwi. Unamimina kipya juu ya cha zamani ili kipya kijue la kufanya. Nikarudi labo, nikamimina ute wa yai juu ya ule ukoko, nikatikisa kidogo, nikaziba, nikaweka mtungini.

Tulipofungua mtungi, chupa yangu ilikuwa imejaa. Chini mlikuwa na kitu cheupe kinachometameta, na Prof alipokitia kwenye mikroskopu alitafuta kigoda kwa mkono bila kuangalia, akakaa. Riziki akachungulia, akapiga kelele, na sisi wote tukacheza mle ndani mpaka Prof akakumbuka kabati lake akatufukuza.

Bwana wa Kinshasa alifika na ndege ya asubuhi na alitaka kurudi nayo mchana. Alikuwa mnene, ananukia manukato, na vumbi letu jekundu lilikuwa tayari limempanda hadi magotini. Alikulia Lubumbashi, hivyo Kiswahili hakikumpiga chenga. Alitazama kristali muda mrefu, akatabasamu, akauliza nani alitengeneza chupa hiyo. Prof akanisukuma mbele, amevimba kwa fahari.

"Muliosha chupa namna gani?" bwana aliuliza.

"Sikuosha, Monsieur."

"Ulisahau?"

"Sikusahau. Kitu ya kugandisha, siye hatuoshi."

Tabasamu likaondoka. Alifunika mikroskopu kwa kitambaa chake, taratibu, jinsi wanavyomfunika maiti. "Prof," alisema, "hii iko uchafu. Siwezi kupandisha uchafu."

Prof Anselme aligeuka rangi. Wakaongea Kifaransa, haraka, na bwana akatoa kitabu mkobani, kile kile cha sandukuni, akafunua mahali na kugonga kwa kidole. Kumbe jambo lenyewe lilikuwamo. Wataalamu walikuwa wanalijua zamani: unaacha mbegu ya kristali za kwanza ili za pili zipate pa kushika. Prof alikuwa ameupita ukurasa huo. Bwana akanigeukia, na kwa haki niseme hakuwa mkali. Alikuwa ananifungulia mlango.

"Sikiliza, mutoto. Kama ulisoma humu, ni metodi, na Bunia inapanda. Kama haukuosha tu, ni uchafu, na Bunia inabaki. Ulisoma humu?"

Nyuma yake Prof alikuwa ananiangalia kwa macho ya kuomba. Riziki alikuwa anaitikia kwa kichwa kwa niaba yangu. Neno moja tu, ndiyo. Na mimi sikuwa malaika, uongo nilikuwa nausema kila siku na usingizi unanijia. Lakini niliwaza hivi: wakiandika kwamba imetoka kitabuni, siku ya kuchukua watu watachukua wenye vitabu. Mama yangu hajui kusoma. Atabaki sokoni na kibuyu chake chini ya helikopta, na mimi ndiye nitakuwa nimemfuta.

"Sikusoma," nilisema. "Niliona kwa mama."

"Mama yako anatumikaka mu labo gani?"

"Mu soko. Anauzisha maziwa."

Wasichana wakubwa wakacheka. Bwana akapumua kwa nguvu. "Maziwa ya soko siwezi kuandika."

"Basi usiandike," nilimwambia, "na chupa haitaenda." Nikaichukua chupa mezani, nikaificha ndani ya pulova, nikatoka. Prof aliniita kwa jina langu lote, lile la ubatizo na lile la babu. Sikugeuka. Nikashuka moja kwa moja hadi sokoni.

Mama alinisikiliza huku akiwahudumia wateja. Nilimweleza yote isipokuwa habari ya kuhama, hiyo niliibakiza iwe zawadi. Nilipofika mwisho aliuliza jambo moja tu.

"Alisema ni uchafu?"

"Alisema."

Akafuta mikono. Akafungua kikwembe chake na kukifunga upya, imara, na anayewajua wanawake wa kwetu anajua maana yake. Akakiweka kibuyu mgongoni kama siku ile ya kukimbia, akamwachia jirani meza yake, tukapanda kuelekea shuleni, motokari na pikipiki zinatupigia honi na yeye hapishi.

Bwana alikuwa bado yupo. Ndege haikuja siku hiyo. Mnaojua Bunia hamtauliza kwa nini. Alikuwa amekaa labo na Prof, wamenuna wote wawili. Mama aliingia akamsalimia kwa heshima zote, akipiga goti kidogo.

"Jambo, Papa."

"Jambo, Mama."

"Weye njo mugeni wa mutoto wangu. Umefika kwetu na hakuna mutu alikupa kitu ya kunywa. Iko haya kubwa kwetu." Akamimina kikombe, akamshikisha kwa mikono miwili. "Kunywa kwanza. Maneno itakuja nyuma."

Bwana alinusa. Nilimwona anavyotafuta njia ya kutoka. Lakini maziwa uliyopewa na mama wa watu, mbele ya watu, huwezi kuyaweka chini. Hata mtu wa Kinshasa alilijua hilo.

"Mama, iko safi?"

"Hii kibuyu haijaoshwa tangu kwa bibi yangu. Nilikomalisha batoto kwa hii. Huyu mukorofi unaona iko mugonjwa?"

Akanywa. Alifumba macho, akameza, akakaa kidogo kama anayesikiliza tumbo lake. "Iko kali," alisema.

"Ju iko muzima," mama alimjibu. "Kunywa yote."

Aliyanywa yote. Aliporudisha kikombe, kitu fulani kilikuwa kimelegea usoni pake. Alimwambia Prof kwamba kwa kuwa ndege yenyewe haipo, tufanye jaribio mbele yake: yai moja, chupa mbili, moja ioshwe kama ukuta unavyosema na nyingine iachwe kama mtoto anavyosema. Tukafanya vile. Siku zile za kungoja mama alinituma kila asubuhi nikamsalimie bwana kule alikolala. "Uangalie kama iko muzima," alinong'ona. Nilimkuta mzima kila mara, na mara ya mwisho alikuja na mimi hadi sokoni kwa miguu yake, akaomba kikombe.

Chupa iliyooshwa ilibaki maji matupu. Ile nyingine ilijaa. Bwana alitoa karatasi yake, akaandika mambo ya Kifaransa, akafika mahali akasimama. Akamuuliza mama jina lake kamili. Mama alilitamka lote, pole pole, na bwana akaliandika chini ya neno la Kifaransa lenye maana ya aliyefundisha. Prof alitusomea kwa sauti. Hapo nikaona kazi imekwisha, sasa ninaweza kuuliza.

"Monsieur, mama atapanda lini?"

"Atapanda wapi?"

"Kule juu. Nyuma ya yai."

Alinitazama, akamtazama Prof, na Prof akaniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu anayeyaelewa maswali yangu yote tangu mwanzo, la helikopta, la masasi, la maziwa. Hakuna aliyecheka, na hilo nawashukuru hadi leo. Bwana akapiga goti ili macho yetu yalingane, ndani ya suruali yake nzuri.

"Hakuna mutu wa hapa anapanda, mutoto. Inapanda yai tu. Nyuma inarudi."

Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika. Yai litapewa kimya. Yai la kuku litakaa mahali pake bila kusukumwa, watu wazima wenye akili wakilitunza, na mama yangu arudi kulala chini ya mabati yanayolia. Nilimwambia bwana kwamba kama ni hivyo, hao watu wa juu roho yao ni mbaya, na kwamba chupa niliwapa kwa ajili ya mama, si kwa ajili ya dawa zao. Nilitaka hata kuidai irudishwe. Mama akanishika mkono akaniambia twende.

Njiani nilimweleza yote, mahali nilipompangia kukaa, pa kutundika kibuyu. Alicheka mpaka akaegemea ukuta wa watu. Kisha akaacha kucheka. Helikopta ilikuwa inapita, tukangoja ipite, kama kawaida. Akakishusha kibuyu mgongoni akanishikisha mimi. Ilikuwa mara ya kwanza kunipa nikibebe.

"Hii ilitikiswa kutoka kwetu mpaka huku," alisema. "Iliganda ama haikuganda?"

"Iliganda."

"Basi tembea."

Mwaka wa shule uliofuata picha zilikuja, na Prof akazibandika ukutani pale palipoandikwa OSHA, akalifunika neno lenyewe. Kulikuwa na picha ya kristali zetu zilizokulia anga za juu, kubwa, safi, kila moja imesimama peke yake kama bibi arusi. Pembeni yake kulikuwa na picha ya zile zilizobaki Bunia, ndani ya mtungi wa mchanga, chini ya mabati. Ndogo. Nyingine pembe zimevunjika, nyingine zimepandana. Wenzangu walikusanyika mbele ya zile kubwa, na sikatai, zilikuwa nzuri. Mimi nilisimama mbele ya zile nyingine. Hakuna aliyezipa kimya wala nafasi, na zilikuwa zimekua, tena nyingi, na hakuna helikopta iliyozizuia.

Siku ile ya matanga, nikiwa kwenye ngazi ya mlango, wifi alikuwa bado amechutama na povu lake likimkaukia mkononi. Aliniuliza sasa hiki kibuyu tukifanye nini, mwenyewe amekwenda. Nilimtuma mwanangu mkubwa kwa watu wa maziwa. Siku hizi wanakuja na pikipiki, bido zimefungwa nyuma. Nikamimina maziwa mabichi juu ya yale ya mama, nikatikisa, nikaziba, nikakitundika penye msumari wake.

Kesho yake asubuhi nilimpa wifi kikombe. Alinusa, akaniangalia.

"Bokilo, iko safi?"

"Kunywa kwanza," nilimwambia.